Vumbi jekundu likitoka, bolti ya zege isifungwe

Kwa familia nyingi za Bukoba na Muleba, nyumba haijengwi kwa mwaka mmoja. Msingi unachimbwa mwaka huu, boma linapanda mwaka ujao, bati linapatikana baada ya kuuza kahawa au kupata mkopo wa kazini, kisha watu wanahamia huku plasta ya vyumba vya nyuma ikiendelea kusubiri. Vitu vya kutundika na kufunga ukutani huja mwisho kabisa: kabati la vyombo jikoni, televisheni sebuleni, hita ya maji bafuni, reli ya balkoni, pembea ya watoto. Kwa kuwa huja mwisho, hukuta fedha imekwisha na baba amerudi kazini Mwanza au Dar es Salaam. Anayebaki kumsimamia fundi ni mama, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni na sufuria jikoni.

Mazungumzo yao hufanana, iwe ni Kashai, Rwamishenye, Kamachumu au Nshamba.

"Mama, hapa tunaweka bolti za zege. Zinapanuka ndani. Hata ukuta uanguke, hizi hazitoki."

"Waitu fundi, mbona hilo vumbi linatoka jekundu?"

"Hiyo ni rangi ya tofali tu, mama. Usiogope."

Swali la mama ni zuri kuliko jibu la fundi. Hilo vumbi jekundu lina habari yote ambayo familia inahitaji, na kwa kawaida linafagiliwa kabla halijasomwa.

Bolti ya kupanuka, ambayo wengine huiita kwa jina la bidhaa ya kampuni moja, Rawlbolt, hufanya kazi kwa kusukuma. Ndani ya tundu kuna ganda la chuma au kipete, na kuna sehemu iliyochongwa kama kabari. Fundi anapokaza nati kwa spana, kabari inavutwa na kuingia kwenye ganda, ganda linatanuka na kubana kuta za tundu. Kinachoishikilia bolti ni msuguano wa huo mbano. Hakuna gundi wala saruji. Kwa hiyo nguvu yote ya bolti inategemea kitu kimoja: je, kilichoizunguka kinaweza kustahimili kusukumwa bila kupasuka?

Zege linaweza. Zege lililochanganywa vizuri, likamwagiliwa maji na kufikisha siku 28, ni gumu mno linapokandamizwa. Tofali la kuchoma haliwezi. Udongo wetu wa Kagera hutoa tofali zuri la kubeba ukuta, lakini matofali mengi yanayochomwa kwa kuni kwenye tanuri za vijijini ni laini kiasi kwamba msumari unayakwaruza, na tofali la pembeni ya tanuri haliivi kama la katikati. Ukiliwekea bolti ya kupanuka, linapasuka kimyakimya nyuma ya plasta. Fundi anahisi nati imeshika, analipwa, anaondoka. Kabati linakaa wiki tatu, au miezi mitatu, au hadi siku ambayo mtoto anasimama juu ya stuli na kuning'inia kwenye mlango wake akitafuta sukari.

Ndiyo maana rangi ya vumbi ni jambo la kifamilia. Sentimita mbili hivi za mwanzo kila ukuta hutoa vumbi la kijivu, maana hiyo ni plasta. Baada ya hapo likigeuka jekundu, drili imeingia kwenye tofali, na bolti ya zege irudishwe kwenye boksi. Likibaki la kijivu, bado lipo swali moja, kwa sababu tofali la saruji nalo hutoa vumbi la kijivu. Hapo tofauti inasikika. Kwenye zege drili inalia, inakwenda polepole na mkono wa fundi unatetemeka. Kwenye tofali la saruji inazama kwa urahisi, na kama tofali lina uwazi ndani, biti inadumbukia ghafla. Mama asiye na cheti chochote cha ufundi anaweza kuyatambua hayo akiwa amesimama mlangoni.

Katika nyumba ya kawaida ya chini mkoani humu, zege halipo sehemu nyingi. Lipo kwenye lenta, kwenye nguzo kama zimewekwa, kwenye jamvi la sakafu, na kwa wenye ghorofa kwenye slabu na ngazi. Basi. Sehemu nyingine zote ni tofali. Mtu anayetaka kutundika kitu kizito anapaswa kwanza kujua lenta yake inapita wapi, na huipata kwa kugonga ukuta juu ya madirisha na kusikiliza.

Watu wa Kagera hawahitaji kukumbushwa kwa nini lenta ni muhimu. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, muda mfupi baada ya saa 9 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa mkoa. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Majengo ya Shule ya Sekondari Ihungo yaliharibika kiasi cha kulazimu shule ijengwe upya. Nyumba nyingi zilizodhurika zilikuwa za matofali yasiyofungwa na nondo wala zege. Eneo hili liko jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na tetemeko halikuwa jambo la kuja mara moja likaisha. Kitu chochote kilichofungwa ukutani juu ya kitanda cha mtoto kipimwe kwa kuikumbuka alasiri ile.

Tetemeko linaleta pia tatizo ambalo halionekani kwa macho. Zege linapotikiswa hupata nyufa nyembamba kama unywele, na ufa unapenda kupita kwenye tundu la bolti kwa sababu hapo ndipo zege limedhoofishwa. Tundu likitanuka hata kwa sehemu ya milimita, bolti ya bei rahisi inalegea kwa kuwa mbano wake umekwisha. Watengenezaji makini wanazo bolti ambazo kabari yake huendelea kujivuta na kubana upya ufa unapofunguka. Kwenye karatasi zake huandikwa kuwa zinafaa kwa zege lenye nyufa. Hazipatikani kila duka la vifaa vya ujenzi na bei yake inauma, lakini kwa reli ya balkoni ya ghorofa ya pili huko Hamugembe, hapo si mahali pa kubana matumizi.

Na reli ya balkoni ndiyo inayostahili kuzungumzwa kuliko vyote, maana ndiyo inayodanganya zaidi. Mtu anaiona reli nyepesi na kudhani bolti zake hazina kazi. Chukua hesabu hii. Kijana anaegemea reli yenye urefu wa mita moja kwa nguvu ya kilo 50. Bamba la chuma chini ya nguzo ya reli lina bolti ambazo ziko sentimita 8 kutoka ukingo wa nje wa bamba. Nguvu ile inafanya kazi kama mtaimbo: 50 mara 100, gawanya kwa 8. Jibu ni kilo 625 zinazovuta bolti kwenda juu. Bolti za upande huo zikiwa mbili, kila moja inavutwa kwa kilo zaidi ya 300, na huyo ni kijana mmoja. Siku ya sendoff au kipaimara, balkoni ina vijana kumi na muziki unapigwa.

Sasa angalia hizo bolti zimeingia wapi. Balkoni nyingi zina vigae, na chini ya vigae kuna mota ya kusawazisha. Vyote hivyo vinaweza kufika sentimita 4 au 5. Fundi wa kuchomelea anakuja na bolti ya sentimita 8. Toa unene wa bamba, toa nati na washa, toa vigae na mota. Kinachobaki ndani ya zege lenyewe ni sentimita moja au mbili. Bolti imefungwa kwenye kigae. Ili bolti ya milimita 10 ishike vizuri inahitaji kama sentimita 6 za zege halisi, kwa hiyo hapo ilitakiwa bolti ya sentimita 12 hivi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili haifiki bei ya kilo moja ya nyama.

Kosa la pili la balkoni ni ukingo. Mwenye nyumba anataka eneo lake lote, kwa hiyo nguzo za reli zinasogezwa hadi mwisho wa slabu. Bolti inapokazwa sentimita 4 kutoka ukingoni, zege la upande huo halina mwenzake wa kuliegemeza, linamegeka kama mhogo uliokauka. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kukaa mbali na ukingo mara kumi ya unene wa bolti: bolti ya milimita 10, sentimita 10. Bolti na bolti nazo zisibanane, maana kila moja inapovutwa inataka kung'oa koni ya zege kuizunguka, na koni mbili zikigusana zinakuwa udhaifu mmoja mkubwa. Bamba dogo la reli lenye bolti nne zilizosongamana linapendeza kwenye picha, lakini halina nguvu ya bolti nne.

Kwa anayejenga sasa, jawabu bora la reli si bolti kabisa. Ni kuacha vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga slabu, kisha reli ichomelewe hapo baadaye. Ni hesabu ya kufanywa mezani miezi mingi kabla, mume na mke wakiwa na ramani mbele yao. Nshomile wa Bukoba wanaotaniwa kwa kupenda kusoma kila kitu wangefanya vizuri kuisoma na ramani ya nyumba kwa jicho hilo: televisheni itakaa wapi, hita wapi, kabati wapi. Wakati wa kujenga ukuta, mahali pa tofali mbili tatu panaweza kumwagwa kipande cha zege lenye nondo, kikaunganishwa na ukuta, na kikapigwa picha kwa simu pamoja na futi kabla ya plasta kukificha. Hiyo picha itakuja kuwa na thamani kuliko picha nyingi za siku ya kuhamia.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa kwa tofali, bado njia zipo. Picha za ukutani, saa na pazia jepesi zinatosha kwa fisha za plastiki na skrubu. Neno hilo fisha linatokana na jina la Mjerumani Artur Fischer, aliyebuni plagi ya nailoni mwaka 1958. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1910, Mwingereza John Joseph Rawlings alitengeneza plagi ya nyuzi kwa ajili ya kufunga vifaa vya umeme kwenye kuta za jumba la makumbusho la London bila kuziharibu. Wote wawili walitafuta jibu la swali lile lile la mama wa Kashai: ukuta huu utashika nini?

Kwa vitu vizito kwenye tofali, kama hita ya lita 50, ambayo ikijaa ina kilo 50 za maji kabla hujahesabu chuma chake, njia ya kuaminika ni kutoboa ukuta hadi upande wa pili, kupitisha chuma chenye uzi na kukibana nyuma kwa bamba pana. Haipendezi kwa nje, ni kweli. Inaweza kupakwa rangi. Ukuta nao uwe mzima, maana ukuta uliopasuka tangu mwaka 2016 na kufunikwa kwa plasta mpya haupaswi kubebeshwa kitu. Tangi la lita 1,000 ni tani moja likijaa, na halihusiki na ukuta kwa namna yoyote. Lijengewe mnara wake.

Zipo pia bolti za gundi, ambazo tundu linajazwa dawa na chuma kinagandia humo. Zinasaidia karibu na ukingo kwa sababu hazisukumi zege, na kwenye tofali zikitumiwa na kichujio chake. Ila zinataka mtu anayejua, na kwa kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu zinataka uangalizi zaidi. Mwaka 2006 mjini Boston, Marekani, mabamba ya dari ya handaki la barabara yaliyoshikwa kwa bolti za gundi yaliangukia gari na kumuua mwanamke aliyekuwamo. Desemba 2, 2012, katika handaki la Sasago nchini Japani, watu 9 walikufa baada ya dari ya zege iliyotundikwa kwa bolti za aina hiyo kuporomoka. Nchi hizo hazikosi wahandisi. Pembea ya mtoto iliyofungwa chini ya slabu ya balkoni kwa gundi iliyobaki kwenye kazi nyingine haina hata mtu mmoja aliyeipigia hesabu.

Likiwa zege kweli, na bolti ikiwa sahihi, kinachobaki ni kazi ya mikono, na hapo kuna jambo moja ambalo mama anaweza kulisimamia bila ugomvi: usafi wa tundu. Drili inapotoka inaacha unga. Bolti ikipigwa nyundo ndani ya unga huo, haifiki mwisho na mbano wake unateleza kama mguu kwenye sakafu yenye unga wa muhogo. Tundu lipigwe brashi, lipulizwe kwa pampu ya mkono au mrija, lipigwe brashi tena, lipulizwe tena. Anayepuliza kwa mdomo avae miwani, maana unga unarudi machoni, na watoto wakae chumba kingine. Tundu liwe refu kuliko bolti kwa sentimita moja hivi ili masalia yapate pa kukaa.

Biti nayo iwe ya kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. Hapa mafundi wazuri hukosea kwa mazoea, kwa sababu aina zinatofautiana. Bolti ya kabari ya milimita 10 hutobolewa kwa biti ya 10. Rawlbolt yenye uzi wa milimita 10 huhitaji tundu la 16, kwa kuwa ganda lake ni nene. Biti iliyochakaa hutoa tundu jembamba, biti inayoyumba hutoa tundu pana, na tundu pana halina dawa. Fundi akisema ataweka kijiti cha mti au kipande cha waya ili ikaze, asimamishwe hapo hapo.

Kukaza kuna kiasi. Bolti ya kabari, baada ya nati kushika kwa mkono, kwa kawaida huhitaji mizunguko mitatu hadi mitano ya spana. Kuongeza bomba kwenye mpini wa spana ili "ikae milele" kunaikata bolti au kulipasua zege, na mara nyingi ni zege. Nati inayozunguka bila mwisho inasema kuwa bolti haijashika. Haitashika kwa kuzungushwa zaidi.

Kisha mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini. Bolti zenye mng'aro wa njano au wa fedha zinazouzwa kwa wingi zina ngozi nyembamba ya zinki inayotosha kwa matumizi ya ndani. Nje, kwenye reli na dishi, kutu huanza chini ya washa ambako maji hukaa na jicho halifiki. Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna chumvi inayokula chuma kama ya Tanga na Zanzibar, lakini unyevu wa mwaka mzima unaifanya kazi hiyo taratibu. Za nje ziwe zilizochovywa kwenye zinki ya moto au za chuma kisichoshika kutu, na mstari wa kahawia unaoshuka ukutani kutoka kwenye bolti usipakwe rangi kabla bolti haijafunguliwa na kutazamwa.

Ikitokea drili imegonga nondo, sauti hubadilika na biti hukataa. Nondo isikatwe. Tundu hilo linaachwa na kujazwa mota nzito ya saruji, na jipya linatobolewa mbali nalo kwa angalau mara mbili ya kina cha lile la kwanza. Ndivyo inavyofanywa pia bolti ya zamani inapong'olewa: ganda lililokwisha kutanuka halitanuki mara ya pili, kwa hiyo bolti hiyo hairudishwi, hata kama inaonekana mpya na fundi ameshaifuta kutu kwa dizeli.